Karabai za Igombe

Usiku wa giza, ukisimama Igombe, ziwa linaonekana kama mji mwingine. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Babu yangu alivulia karabai: mafuta ya taa, pampu, mwanga wa manjano unaovuma usiku kucha. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, alipokuja kuwamaliza furu wengi, watu waligeukia dagaa, na taa zikaongezeka. Sasa zimeingia taa za betri, nyeupe, kali, kimya kabisa. Babu akizitazama hufumba macho.

Mvumo umehamia nchi kavu, kwenye spika za baa. Mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika, lakini baa zinaendelea. Juzi umeme ulikatika. Babu akaniita nje tusikilize maji.