Kaseti katika Kinanda cha Umeme: Kosa la Fikira na Chanzo Chake

Neno kinanda limebebeshwa mengi. Lilitajwa kwa ala ya nyuzi, likahamia kwa piano na ogani, na wako waliokiita hata chombo cha santuri kinanda. Jina moja likawa la chombo kipigwacho na la chombo kijipigacho. Mkanganyo kama huo, ingawa si wa maneno, umevipata vinanda vya umeme vya nyumbani vilivyotengenezwa katika miaka ya 1960 na 1970. Baadhi yake, kama vile vya Wurlitzer wa Marekani, vilikuwa na kinasa sauti cha kaseti ndani ya sanduku lake. Watu waonapo kijilango kile kando ya vibao, hudhani kuwa sauti za kinanda, au midundo ya ngoma inayofuatana nazo, zatoka katika ukanda.

Dhana hiyo haina msingi. Katika kinanda alichokitoa Laurens Hammond mjini Chicago mwaka 1935, magurudumu madogo ya chuma yalizunguka mbele ya sumaku zilizozungushiwa nyaya, na umeme uliotokea hapo ukakuzwa mpaka ukasikika. Baadaye transista zilishika kazi hiyo. Midundo nayo ilikuwa na mtambo wake: Sideman ya Wurlitzer, ya mwaka 1959, ilitumia kisahani cha kuzunguka kilichounganisha na kukata umeme kwa zamu. Kaseti ya Philips ilikuwa bado kuzaliwa. Ilionyeshwa Berlin mwaka 1963. Basi kinanda cha kabla ya hapo kikionekana na kaseti, imetiwa baadaye, hata muuzaji akiapa.

Hata hivyo kosa hili lina udhuru. Mellotron, iliyoanza kutengenezwa Birmingham mwaka huo huo wa 1963, kweli iliimba kwa kanda: kila kibao kilivuta ukanda wake wenye sauti iliyonaswa, na baada ya sekunde kama nane sauti ilikatika. Aliyesikia habari zake alikuwa mwepesi kudhani vinanda vyote ni ndugu.

Kaseti ya kinanda cha nyumbani ilinasa sauti ya mpigaji, au ilimchezea masomo na muziki wa kufuatisha. Haikuhifadhi mwendo wa vidole. Aliyekwisha kunasa kwa sauti ya filimbi hakuweza kuigeuza iwe ya tarumbeta.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Mikanda ya mpira inayozungusha kaseti huchakaa mapema, na mwenye kinanda, akidhani moyo wa chombo umekufa, hutupa chombo kizima ambacho vibao vyake vyalia vizuri. Hasara kubwa zaidi ni kuichukua kaseti iliyosahaulika ndani kuwa kipande cha mtambo, kumbe imebeba mkono wa mzee wa nyumba aliyekwisha kufa. Kidole kikibonyeza kitufe cha kunasa ili kujaribu tu, sauti ile hufutika. Vijibamba viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti vikivunjwa, mashine hukataa kunasa juu yake.