Kitabu Kilichoshinda Kilimshinda Nani?

"Mjomba, hiki kimeandikwa kimeshinda. Kilimshinda nani?"

Aliyeuliza ni mpwa wangu, yuko darasa la sita. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe nyumbani Ipuli, hapa Tabora, likizo ya Desemba. Nilikuwa nimemletea kutoka Dar es Salaam kitabu chembamba cha hadithi chenye alama ya tuzo kwenye jalada. Nikaanza kumweleza habari za majaji na miswada. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akauliza la pili: "Sasa mbona shuleni kwetu hakipo?"

Hapo sikuwa na jibu. Mimi ni mwandishi wa habari, na hafla za tuzo za vitabu nimeziandika sana: nani kashinda, kapata shilingi ngapi, nani alikuwa mgeni rasmi. Lakini kitabu kinakwenda wapi baada ya picha kupigwa? Hilo sikuwahi kuliandika hata mara moja.

Na mimi ndiye niliyepaswa kuliuliza wa kwanza. Mwishoni mwa miaka ya tisini, shule ya msingi niliyosoma ilikuwa na kabati la vitabu vya hadithi, na kabati lilikuwa na kufuli. Vitabu viliogopewa kuchanika. Akija mgeni, linafunguliwa, akiondoka, linafungwa. Siku moja tuliagizwa kulihamisha, nikaficha kitabu kimoja ndani ya shati. Niliiba, ndiyo. Nilikisoma mara nne kwa wiki mbili, nikakirudisha kwa siri, na hakuna aliyejua kuwa kiliondoka.

Nikikumbuka kufuli lile, naona historia ya vitabu vya watoto nchini kwetu inasomeka vizuri zaidi ukiwa umekaa huku Tabora kuliko ukiwa kwenye ukumbi wa Dar es Salaam. Tabora inazijua safari za mizigo. Katika karne ya 19, misafara ilitoka Bagamoyo na merikani, kaniki na shanga, ikafika Unyanyembe baada ya miezi kama mitatu ya kutembea. Hapa njia ziligawanyika: moja Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini kuelekea Katanga. Pembe za ndovu na watumwa walielekea pwani. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi. Mzigo mmoja haukupimwa na mtu, nao ni Kiswahili. Lugha hii ilifika kwetu kwa miguu, kabla ya shule za serikali na kabla ya reli, ambayo iliingia Tabora mwaka 1912. Kwa hiyo mtoto wa Ipuli anayesoma hadithi ya Kiswahili anasoma lugha iliyopita mlangoni kwao zamani sana.

Sasa tuje kwenye vitabu vyenyewe. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la Kanada liitwalo CODE. Baada ya miaka ya shida ya themanini, wachapishaji binafsi walikuwa wachanga na mtaji hawana. Nani achapishe hadithi ya watoto wakati mzazi ana pesa ya daftari tu? Mradi ukaja na utaratibu rahisi: mswada ukipita, mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni, na mchapishaji anabaki na nyingine auze mwenyewe. Haikuwa tuzo, lakini mwandishi alihakikishiwa jambo ambalo tuzo nyingi haziwezi kumhakikishia, yaani msomaji. Sina ushahidi, lakini nahisi kitabu nilichokiiba kilifika kabatini kwa njia hiyo.

Halafu ikaja tuzo yenyewe. Kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000, Tuzo ya Burt, iliyofadhiliwa na Mkanada William Burt kupitia CODE, ilishindanisha kila mwaka miswada ya hadithi za vijana hapa Tanzania kwa takriban muongo mmoja. Ilitupa vitabu vizuri kweli. Elieshi Lema aliandika In the Belly of Dar es Salaam, hadithi ya watoto wa mitaani. Nahida Esmail alishinda zaidi ya mara moja, na Living in the Shade ni kimojawapo cha vitabu vyake. Na hapa pia vitabu vilivyoshinda vilinunuliwa na kupelekwa mashuleni.

Ila majina ya vitabu umeyaona. Tuzo ilikuwa ya Kiingereza. Sababu yake ilieleweka: sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayetoka darasa la saba kwenye Kiswahili anakihitaji kitabu chepesi kimvushe. Siibezi sababu hiyo, maana mimi mwenyewe nilivuka mto huo kwa tabu, tena nikinywa maji. Lakini fikiria ilimaanisha nini kwa mwandishi. Kwa muda wote huo, hadithi ya kijana wa Kitanzania ililipwa vizuri kama imeandikwa kwa lugha ambayo kijana huyo haoti ndoto kwayo.

Wenzetu Kenya walikuwa wameshaonyesha kwamba inawezekana. Tuzo ya Jomo Kenyatta, iliyoanza mwaka 1974, ingawa si ya kila mwaka, imekuwa ikiwapa nafasi watoto na vijana, na Kiswahili kimo. Ken Walibora aliishinda mwaka 2003 kwa Ndoto ya Amerika, na tena mwaka 2009 kwa Kisasi Hapana.

Kwetu mabadiliko yalikuja na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza wa kila kundi alipata shilingi milioni 10. Mwaka huo ulikuwa wa riwaya na ushairi. Duru iliyofuata ikaongeza hadithi za watoto. Miswada ni ya Kiswahili, na serikali iliahidi kuvichapa vitabu vya washindi na kuvifikisha mashuleni. Ahadi hiyo ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zile milioni 10.

Jina la tuzo nalo linatuhusu watu wa Tabora. Nyerere aliingia Shule ya Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, akarudi kufundisha St. Mary's hapahapa Tabora mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Baadaye, akiwa kiongozi wa nchi, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Yaani mzigo uliotoka ng'ambo kwa Kiingereza, yeye aliutua, akaufungua, akawagawia watu kwa lugha yao. Tuzo yenye jina lake ikiishia kwenye hundi kubwa ya kupigia picha, itakuwa imemsahau.

Najua hoja ya upande wa pili: fedha ni kidogo, shule ni nyingi, tuzo haiwezi kubeba kazi ya maktaba. Kweli. Lakini kwa sasa kipimo chetu cha tuzo ni kiasi cha pesa na uzito wa mgeni rasmi. Mimi napendekeza tuongeze kipimo kingine: mwaka mmoja baada ya hafla, mtu aende shule tano za mbali aulize kama kitabu kipo, na kama kipo, kiko kwenye mikono ya watoto au ndani ya kufuli. Hiyo ni kazi ya waandishi wa habari, na nimeshaanza kujitaja mwenyewe kwenye orodha ya waliozembea. Maduka ya vitabu niliyopita mjini Tabora Desemba ile yalikuwa na daftari, kalamu na vitabu vya kiada. Hadithi niliambiwa "huwa haziendi". Haziendi, au hazijaletwa?

Mpwa wangu nilimjibu swali la kwanza jioni yake. Nilimwambia kitabu kilishinda miswada mingine iliyoandikwa vizuri pia. Akasema, "Basi na hiyo mingine wangetuletea." La pili bado nadaiwa.

Wiki iliyopita nilimpigia dada kumsalimia, nikaulizia kile kitabu. Akacheka. Hakipo nyumbani; kiko nyumba ya nne kutoka kwao, jalada limeshabanduka, na kuna mtoto anasubiri zamu.