Kompyuta ya kiganjani
Kompyuta ya kiganjani ni kifaa cha kutunza anwani, ratiba na kumbukumbu, kilichotumika sana kabla ya simujanja. Mifumo endeshi yake mikuu ilikuwa Palm OS na Pocket PC ya Microsoft. Palm OS ilikuwa nyepesi: Palm m130 (2002) ilitosheka na RAM ya MB 8, ilhali Pocket PC nyingi za wakati huo zilikuwa na MB 32 au 64. Katika zote mbili, chaji ikiisha kabisa data za RAM zilipotea.

Hatari hiyo ilikuwepo mwaka 2004 vijijini kusini mwa Tanzania, ambako wahojaji 120 walitumia m130 katika utafiti wa afya wa kaya 21,600. Walichaji kwa umeme wa jua na wa magari, wakanakili data kwenye kadi baada ya kila sehemu ya dodoso. Hakuna data iliyopotea. Kazi iliisha tarehe 26 Agosti. Siku mbili baadaye viongozi wa wilaya walipewa matokeo ya awali.