Jeni Ile Ile, Bondeni na Mlimani: Urithi na Mazingira katika Ukuaji wa Mtoto wa Tanga

Muuguzi wa kliniki akiweka nukta kwenye kadi ya mtoto na kuona mstari umelala badala ya kupanda, mara nyingi mama humjibu kwamba baba mtu naye ni mfupi. Wataalamu huuliza jambo hilo hilo kwa lugha ya hesabu: katika udumavu huu, asilimia ngapi ni jeni na asilimia ngapi ni mazingira? Makala hii inadai kwamba swali hilo, kwa jinsi linavyoulizwa, halina jibu, na kwamba ushahidi mzito wa dai hili umo kwenye ukanda wetu wenyewe, kuanzia milima ya Usambara hadi Pwani.

Kwamba urithi na mazingira vyote huchangia, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye kugawa mafungu. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto waliolelewa vizuri katika nchi sita, Oman ikiwemo, kati ya 1997 na 2003. Tofauti za urefu kati ya nchi na nchi zilikuwa kama asilimia 3 tu ya tofauti zote. Zile za mtoto na mtoto ndani ya nchi moja zilifika asilimia 70. Anayesema kabila fulani ni la wafupi kwa asili hapati pa kushika hapo. Lakini wapo wanaozichukua takwimu hizo kama ruhusa ya kuzisahau jeni kabisa, nao nawapinga. Utafiti ule uliwachagua watoto ambao mazingira hayakuwabana, kwa hiyo hauwezi kutuambia jeni hufanya nini pale mazingira yanapobana.

Jeni ya selimundu, yaani sikoseli, inaweza. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba waliorithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mmoja kati ya watano katika baadhi ya jamii, ilhali nyanda za juu ni wachache mno. Mwaka 1954 alionyesha sababu: jeni hiyo hukinga dhidi ya malaria. Mtoto mwenye nakala moja hupata kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Mwenye nakala mbili huugua selimundu, na bila matibabu wengi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano.

Sasa tuipandishe jeni hiyo mlimani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima maambukizi katika Usambara Magharibi, kati ya mita 300 na mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuumwa na mbu wenye vimelea kulipungua zaidi ya mara elfu moja kutoka chini hadi juu. Mtoto wa bondeni mwenye nakala moja ana silaha. Nduguye aliyezaliwa juu, kwa wazazi wale wale, ana jeni isiyo na kazi. Ukiniuliza jeni hiyo inachangia asilimia ngapi katika afya ya mtoto, sina budi kukuuliza kwanza: mtoto wa wapi?

Mlima na bonde hutofautiana kwa mengi, chakula kikiwemo, kwa hiyo ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka Kilifi, Kenya, ng'ambo ya mpaka, ambako mahali palibaki pale pale na malaria ndiyo iliyopungua. Kati ya 1999 na 2007, watoto waliolazwa kwa malaria walipungua kutoka 28.5 hadi 3.45 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka. Watafiti walitazama ugonjwa mwingine kabisa: bakteria katika damu. Hapo mwanzo jeni ya selimundu ilikinga hata dhidi ya bakteria. Kadiri malaria ilivyopungua, kinga hiyo nayo ilififia, na watoto waliolazwa kwa bakteria hao wakapungua kutoka 2.59 hadi 1.45 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Jeni haikuwa ikipigana na bakteria. Ilikuwa ikizuia malaria isiwafungulie mlango. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 2011, na sijui njia ya kuyaeleza kwa kugawa asilimia.

Je, haya yanahusu ukuaji, au uhai tu? Mwaka 2013, watafiti waliotumia takwimu za watoto wa Ghana waliichukua jeni hiyo hiyo kama kipimo cha kutenganisha malaria na umaskini, kwa kuwa jeni hairithiwi kwa kufuata kipato. Walihitimisha kwamba malaria yenyewe husababisha udumavu. Hata lishe hutegemea mazingira: Pemba nako madini ya chuma yalitoa majibu mawili; mwaka 2001 yaliripotiwa kusaidia lugha na mwendo wa watoto wadogo, mwaka 2006 ikaripotiwa kwamba, katika kisiwa hicho hicho chenye malaria nyingi, waliopewa chuma pamoja na asidi ya foliki walilazwa au kufa zaidi, na vidonge vikasimamishwa.

Atasema mtu kwamba selimundu ni jeni moja, na urefu hutawaliwa na maelfu. Ni kweli. Lakini ikiwa kazi ya jeni moja inayojulikana vizuri hubadilika hivi kwa mwinuko wa mlima, sioni kwa nini maelfu tusiyoyajua yatulie kila mahali.

Pendekezo langu ni la kazi. Tanzania huzaa watoto takribani 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Upimaji wa watoto wachanga ungeanza Hospitali ya Bombo, Tanga, na hospitali za wilaya za ukanda wa chini, na majibu yake yaandikwe kwenye kadi ile ile inayobeba uzito, chanjo na vyandarua, ili mwenye kugawa chuma au chakula cha nyongeza ajue amempa mtoto yupi, anayeishi wapi.