Kutapika damu: kabla ya kusema karuho, fahamu tansio ya mshipa wa maini

Huku Kivu, mtu akitapika damu, jamaa wengi wanafikiri kwanza karuho. Mgonjwa anapelekwa kwa mwenye dawa za kienyeji, na saa zinapita. Lakini kuna ugonjwa unaojulikana hospitalini wenye kuleta damu ile: tansio ya juu ndani ya mshipa wa porta.

Mshipa huo unakusanya damu ya tumbo, matumbo na bandama (wengu) na kuipeleka ndani ya maini. Njia ikibanwa, damu inarudi nyuma. Bandama inavimba chini ya mbavu za kushoto, na mishipa ya koo la chakula inajaa mpaka kupasuka. Mashini ya kupima tansio mkononi haiwezi kuonyesha jambo hilo.

Inatoka wapi?

Mara nyingi ni maini yenye makovu, juu ya pombe ao epatiti B na C. Kando ya Ziwa Albert, pande za Ituri, bilarzia pia inaleta shida hiyo. Wengine damu imeganda ndani ya mshipa wenyewe.

Lakini kuna wagonjwa ambao waganga wanatafuta hayo yote na hawaoni kitu. Mishipa midogo ndani ya maini imebanwa, ila kilichoanzisha hakijulikani. Mtaliano Guido Banti alieleza wagonjwa wa bandama kubwa wa namna hiyo mwisho wa karne ya 19. Leo waganga wanasema "idiopatiki", ni kusema sababu haijulikani.

Hawa wana bahati moja: kwa kawaida maini yao bado yanafanya kazi vizuri. Kutoka damu kukizuiliwa, wengi wanaishi miaka mingi.

Matunzo

Ekografi inaonyesha bandama na mshipa. Fibroskopi, kamera ndogo inayopitishwa kooni, inaonyesha mishipa iliyovimba, na munganga anaweza kuifunga kwa vipete vya mpira. Propranololo, ikiandikwa na munganga, inasaidia damu isirudi kutoka.

Nyumbani ufanye nini?

Mtu akitapika damu ao akienda choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali kubwa saa ile ile. Njiani alale upande, asile, asinywe, asipewe dawa ya kutapisha. Mwenye ugonjwa huu asijinunulie aspirini, ibuprofeni ao diklofenaki: zinaweza kuzidisha kutoka damu.