Kinyinya: Kilima Kilichopangwa na Watu wa Mbali

Msikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle katika miaka ya 1980, awe Dodoma au Bujumbura, huenda hakuwahi kulisikia jina la Kinyinya. Hata hivyo, matangazo aliyoyatafuta kwenye masafa mafupi yalikuwa yakirushwa kutoka kilima hicho, kaskazini mwa Kigali. Kituo cha Wajerumani kilianza kazi mwaka 1965, kikiwa na uwanja mpana wa minara na, baadaye, mitambo ya kilowati 250. Pembezoni mwake watu walilima maharage na viazi.

Kigali yenyewe ilikuwa bado mji mdogo. Richard Kandt aliuanzisha mwaka 1907, na Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962 ukafanywa makao makuu ukiwa na wakazi wapatao 6,000. Waliochagua kuweka minara Kinyinya walitaka mahali pa juu, penye nafasi, karibu na mji lakini nje yake. Sifa hizohizo ndizo zilizowavuta wote waliokuja baadaye, na kwa maoni yangu historia ya kitongoji hiki ni ya watu wa mbali wakiamua kilima kiwafae kwa lipi.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, Wajerumani wa kituo walinaswa ndani hadi makomandoo wa Kibelgiji walipowatoa. Majirani zao Wanyarwanda hawakuwa na wa kuwatoa. Vita vilipokwisha, Kigali ilipokea wakimbizi waliorejea kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo, pamoja na watu wa mikoani, na nyumba zikaanza kupanda miteremko iliyokuwa mashamba. Mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yaliifanya Kinyinya kuwa umurenge, yaani kata, ndani ya wilaya ya Gasabo. Kagugu na Gacuriro zimo humo.

Batsinda inastahili kutazamwa kwa makini. Mwishoni mwa muongo huo jiji liliamua kuubomoa mtaa wa mabanda uliokuwa chini ya katikati ya mji, ambao wenyeji waliuita Kiyovu cy'abakene, Kiyovu ya maskini. Baadhi ya waliohamishwa walipewa nyumba Batsinda, upande wa Kagugu, ambako zilijengwa 250 za bei nafuu. Nyumba zilikuwa imara kuliko zile za Kiyovu, hilo halina ubishi. Lakini mchuuzi aliyezoea kutembea kwa miguu hadi sokoni sasa alihitaji nauli kila asubuhi, na fundi wa vibarua alikuwa mbali na waliomtafuta. Wengine waliuza wakaenda kupanga kwingine. Mpango uliohesabu kuta na mabati haukuhesabu nauli, na kwa familia inayoishi kwa kipato cha siku, nauli ndiyo chakula.

Safari si ndefu kutoka Batsinda hadi Gacuriro, ambako mfuko wa hifadhi ya jamii uligharimia Vision City. Awamu yake ya kwanza, iliyokamilika mwaka 2017, ina nyumba 504, na bei za mwanzo zilizidi faranga milioni 100. Michango ya uzeeni ya wafanyakazi ilijenga nyumba ambazo wengi wa wachangiaji wasingeweza kuzinunua. Bei ilibidi ishushwe ili wanunuzi wapatikane.

Wakati huohuo watu waliendelea kuja. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Gasabo na wakazi karibu 530,000, na ile ya 2022 ikahesabu 879,505. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo haikusubiri mradi wa serikali wala wa kampuni: ni viwanja vilivyonunuliwa kimoja kimoja, vyumba vya kupangisha vilivyojengwa nyuma ya nyumba kubwa, maduka na vituo vya bodaboda. Kinyinya hiyo haina jina la mradi, ila ndiyo inayowapa wapangaji wengi mahali pa kulala.

Redio ya masafa mafupi ilizidiwa na FM na intaneti, na Machi 2015 Deutsche Welle ilizima mitambo. Sasa kilima kimepangiwa mji wa kijani, Green City Kigali, wa takriban hekta 600, unaosimamiwa na mfuko wa kijani wa Rwanda. Ujerumani imerudi pia, safari hii kwa fedha za benki yake ya maendeleo, KfW. Wapangaji wa mradi wanaahidi nyumba ambazo watu wa kipato cha chini watazimudu. Baadhi ya waliohamishwa kutoka Kiyovu wanaishi jirani, na wangeweza kuulizwa ni mambo gani ya kuhesabu kwanza.