Kibarua anapokoma kuwa kibarua mbele ya sheria

KILA alfajiri katika Eneo la Viwanda jijini Nairobi, na kwenye malango ya viwanda vya Athi River na Mombasa, wanaume kwa wanawake hupiga foleni wakisubiri kuchaguliwa kwa kazi ya siku. Wapo wanaochaguliwa na msimamizi yule yule na kuendesha mashine ile ile kwa miaka. Wanapoambiwa kazi imekwisha, huondoka mikono mitupu wakiamini kwamba kibarua hana haki. Sheria ya Kenya haisemi hivyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, iliyoanza kutekelezwa Juni 2008, inamweleza kibarua kuwa mtu ambaye mapatano yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Maelezo hayo ni finyu kuliko wanavyodhani waajiri wengi. Mtu anayelipwa kila Jumamosi na kutarajiwa kazini Jumatatu ni vigumu kumweka humo, hata kama jina lake limeandikwa katika daftari la vibarua.

Kiini cha suala hili ni kifungu cha 37. Kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo zikijumlishwa zinafikia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kukamilika kabla ya muda unaofikia miezi mitatu, mkataba wake huchukuliwa kuwa wa mtu anayelipwa kwa mwezi. Mzozo ukizuka, mahakama ina uwezo wa kutangaza kwamba masharti ya ajira yake yalikwisha kubadilika.

Namna ya kuhesabu siku hizo ni muhimu, na ndipo wengi hupotea. Baada ya kila siku sita mfululizo za kazi, kibarua anastahili siku moja ya mapumziko yenye malipo, na siku hiyo huhesabiwa kama ya kazi. Sikukuu za umma zinazoangukia kipindi hicho huhesabiwa vivyo hivyo. Kwa hivyo aliyeanza Jumatatu na kufanya kazi siku 26 bila kukosa, akipumzika Jumapili pekee, hesabu yake mbele ya sheria ni siku 30.

Mabadiliko hayo hayamfanyi kuwa mfanyakazi wa kudumu, kama inavyosemwa mara nyingi mitaani. Yanamfanya mfanyakazi wa mwezi, ambaye mkataba wake unaweza kukatizwa kwa notisi ya maandishi ya siku 28 au malipo badala ya notisi hiyo. Lakini tofauti na hali ya kibarua, anayeweza kuachishwa jioni yoyote bila notisi, ni kubwa mno.

Akiendelea kwa miezi miwili au zaidi tangu siku ya kwanza, anastahili masharti yote ambayo angepata kama asingeanza kama kibarua. Miongoni mwayo ni likizo ya siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 ya utumishi, na likizo ya ugonjwa ya angalau siku saba kwa malipo kamili na nyingine saba kwa nusu. Mwanamke anastahili miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa malipo kamili. Asiachishwe kwa madai ya utovu wa nidhamu au utendakazi duni kabla ya kuelezwa sababu na kusikizwa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mahakama ikipata kwamba aliachishwa isivyo haki, inaweza kuamuru alipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12.

Kuna pengo ambalo halina budi kutajwa. Mwaka wa 2017, Mahakama ya Rufaa iliamua katika kesi ya wafanyakazi wa chumvi wa Pwani kwamba kifungu cha 37 kinawahusu vibarua, si wanaolipwa kulingana na kiasi cha kazi waliyomaliza. Anayelipwa kwa gunia au kwa kilo hawezi basi kukitegemea, hata akizoea lango lile lile miaka mingi.

Kwa wengine, kikwazo kikuu ni ushahidi. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unapaswa kuandikwa, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Asipoutoa mahakamani, yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Hata hivyo, mlalamishi lazima kwanza aonyeshe kwamba alikuwa kazini. Jumbe za M-Pesa za malipo, kadi ya kuingilia langoni, rekodi za michango ya NSSF na wenzake walio tayari kutoa ushahidi vinaweza kumsaidia. Mwajiri mwangalifu naye ana sababu ya kutunza rekodi za siku na malipo, kwani daftari tupu halimkingi.

Aliyeachishwa anaweza kuwasilisha malalamishi kwa afisa wa leba katika muda wa miezi mitatu. Kesi katika Mahakama ya Ajira na Leba, iliyojulikana awali kama Mahakama ya Viwanda, sharti iwasilishwe kabla ya miaka mitatu kupita.